Shahidi mmoja, saa nane usiku, kwa mwanga wa tochi

Swali: Shikamoo wakili. Mdogo wangu amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Ushahidi wote ni wa mwenye duka, aliyedai kumtambua saa nane usiku kwa mwanga wa tochi. Gwaride la utambuzi, yaani shahidi kumchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, halikufanyika. Alimnyooshea kidole kizimbani tu. Je, mtu anaweza kufungwa kwa shahidi mmoja? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba. Kwa idadi, anaweza. Sheria ya Ushahidi haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja akiaminika anatosha. Kwa hiyo hoja ya "shahidi alikuwa mmoja" msihangaike nayo mkikata rufaa Mahakama Kuu. Shikeni mazingira ya utambuzi.

Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania inasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu sana, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi aeleze alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, na kama alimfahamu kabla. Mwenye duka huyu anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amemfananisha. Kuapa kwamba ana uhakika hakuzibi pengo hilo.

Sasa hiyo tochi: ilikuwa mkononi mwa nani? Kama ni ya mvamizi, aliyemulikwa ni mwenye duka, na aliye nyuma ya tochi ndiye huonekana kwa shida. Ajabu ni kwamba swali hili mara nyingi haliulizwi mahakamani.

Kuhusu gwaride, inategemea. Kama alimfahamu mdogo wako tangu zamani, halikuhitajika. Lakini basi, alimtaja jina kwa majirani waliofika kwanza, na kwa polisi katika maelezo yake ya awali? Kesi ya Marwa Wangiti Mwita (2002) inasema kumtaja mtuhumiwa mapema humpa shahidi uzito. Kuchelewa bila sababu kunatia shaka. Kama hakumfahamu, kumwonyesha kizimbani bila gwaride kuna thamani ndogo sana. Hata mpita njia akiingia mahakamani anajua mshtakiwa ni yupi.

Ulizeni pia kama mdogo wako alikutwa na mali iliyoibwa. Kama alikutwa nayo muda mfupi baada ya tukio, hoja hizi zinapungua nguvu.

Muda: taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na mfungwa huipitisha kwa mkuu wa gereza. Rufaa yenyewe ni siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala za kesi kutoka mahakamani. Mkichelewa, ombeni nyongeza ya muda Mahakama Kuu mkiwa na sababu za msingi.

Ombeni mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani, si hukumu peke yake. Mkikuta shahidi kasema tu "kulikuwa na mwanga wa kutosha" na hakuna aliyemhoji zaidi, hiyo iwe sababu yenu ya kwanza ya rufaa.