Usiwashtaki kwa hoja ya kibali, anza na umiliki

Subiri kwanza, usiwasilishe hati hiyo ya madai! Unasema sanamu yenu ilitoroshwa bila kibali, sasa iko mnadani ng'ambo, na mnataka kuwashtaki huko kwa kuvunja sheria yenu ya kusafirisha mambo ya kale. Sisi tulifanya hivyo hivyo, tukaanguka hata kabla ya shahidi wa kwanza kuitwa.

Nilikuwa kwenye kamati iliyodai kinyago cha zamani. Kwa zaidi ya mwaka mzima tulikusanya ushahidi kwamba hakikuwa na kibali: rekodi za forodha, barua za makumbusho, viapo vya wazee. Upande wa pili haukubisha lolote kati ya hayo. Wakili wao aliuliza jambo moja tu: siku kinyago kinavuka mpaka, kisheria kilikuwa mali ya nani? Sheria yetu ilisema kitu kilichotoroshwa "kitataifishwa", haikusema kwamba tayari ni mali ya serikali. Tukakosa jibu. Mahakama ikasema kazi yake si kutekeleza makatazo ya serikali nyingine. Gharama za wadaiwa tukabebeshwa sisi.

Kinachonichoma hadi leo ni yule mshauri wetu wa sheria aliyetuhakikishia kwamba Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za utamaduni, unatosha. Mkataba ule ni ahadi kati ya serikali na serikali, haukufanyi wewe kuwa mmiliki mbele ya jaji wa nchi nyingine. Na kesi ya Ortiz ipo tangu 1983! New Zealand walidai mbao za nakshi za Wamaori huko London, wakashindwa kwa neno hilo hilo. Majaji walisema kutaifishwa kunatimia kitu kinapokamatwa, na mbao zilikuwa zimeshaondoka bila kukamatwa. Mtu tuliyemlipa kwa saa hakuisoma kesi hiyo. Hilo sitamsamehe.

Linganisha na Iran. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwakubalia kudai vitu vya kale vya Jiroft, eneo la nchini mwao, kutoka Barakat Galleries, wauzaji wa vitu vya kale huko London, kwa kuwa sheria yao ya 1979 ilivifanya mali ya taifa, ingawa serikali haikuwahi kuvishika.

Kwa hiyo fungua sheria yenu leo, utafute kifungu kinachotamka kwamba sanamu ya aina hiyo ni mali ya serikali, na kama kilianza kutumika kabla haijatoka nchini. Kama hakipo, mtafuteni aliyekuwa mwenye sanamu kabla haijaibwa, ukoo au nyumba ya ibada, na yeye ndiye afungue kesi.