Nataka kifaa kinachokijibu kidole

SWALI: Mambo mhariri, mi natengeneza biti kwa kompyuta, nina kontrola ya plastiki yenye vitufe na fada (vile vishikio vya kuteleza juu na chini). Nikishika gita la mshkaji wangu uzi unanijibu kabisa kidoleni ila huku kwangu ni kama nabonyeza rimoti ya tivii. Nasikia kuna vifaa vinavyorudisha mguso na michoro yake ni ya bure, naweza kujiundia bila kufilisika?

JIBU: Unaweza, ila kuna kutetema na kuna kusukuma, watu wanavichanganya sana. Kutetema ni kama simu iliyowekwa vaibresheni. Kusukuma ni pale mota inaposhindana na kidole chako mpaka unahisi kama kuna springi, na wewe kwa unavyoeleza unatafuta hiyo ya pili.

Basi itafute FireFader, kazi ya Edgar Berdahl na Alexandros Kontogeorgakopoulos. Wazo lake ni jepesi mpaka linachekesha, wamechukua zile fada za mota zinazojisogeza zenyewe kwenye mikisa za studio wakaziunga na bodi ya Arduino (kakompyuta kadogo ka kuprogramu mwenyewe), kompyuta inasoma fada iko wapi, inapiga hesabu za uzi ambao haupo, halafu inaamuru mota isukume kiasi gani. Michoro na programu zote ni huria.

Kinachotoa watu jasho ni spidi. Kusoma, kuhesabu, kusukuma, mzunguko huo unatakiwa ufike kama mara 1000 kwa sekunde, ukichelewa ukuta wa kubuni ambao kidole kilitakiwa kiuhisi unageuka sponji au fada inaanza kutetemeka yenyewe kama ina homa. Ikikufanyia hivyo punguza ugumu wa springi kwenye programu kabla hujailaumu mota. Na usiunge mota moja kwa moja kwenye pini ya bodi, utaiunguza (pini ya Arduino Uno R3 mwisho wake kabisa ni miliampia 40), weka draiva ya mota (saketi ya kati inayoipa mota umeme mkubwa kwa amri ya bodi) na umeme wake wa pembeni.

SWALI: Na kama mfuko haufiki huko?

JIBU: Bandika spika ndogo kuukuu chini ya kontrola, ilishe sauti ileile kupitia amplifaya ndogo. Ngozi inahisi mtetemo vizuri zaidi karibu na hezi 250 (yaani mitetemo 250 kwa sekunde), ukipita 1000 haihisi kitu cha maana, kwa hiyo besi na ngoma utazipata, matoazi sahau. Vile vimota vidogo vya simu ni rahisi pia ila vinachelewa kushika mzunguko, kwa ngoma za haraka vitakuudhi.