Pedi mpya, breki haishiki: majibu kwa madereva wa pikipiki Tanga

Maswali mengi niliyopokea safari hii yana kilio kimoja: pedi ni mpya, hela imetoka, na breki imekuwa mbaya kuliko jana. Nayajibu matano.

Fundi, shikamoo. Nimebadili pedi za mbele mwenyewe na kukaza kila kitu. Nikiminya mkono wa breki unakwenda mpaka unagusa mshikio. Nimeingiza upepo kwenye mafuta ya breki? (Dereva, Chumbageni)

Marahaba. Huenda hujaingiza upepo hata kidogo. Pedi mpya ni nene, hivyo ili zikae ilibidi pistoni, yaani vyuma vinavyozisukuma pedi, zirudishwe ndani ya kalipa, ile kasha inayoshika pedi. Sasa kuna nafasi kati ya pedi na diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, na mminyo wa kwanza unaishia kuziba nafasi hiyo. Pikipiki ikiwa imesimama, pampu mkono taratibu, tena na tena, mpaka uwe mgumu. Fanya hivyo kabla ya kuwasha injini. Nakusihi usilichukulie jambo hili kuwa dogo, maana wengi hulikumbuka wakiwa wamefika makutano ya kwanza, na pale hakuna muda wa kupampu.

Ukipampu na mkono ukabaki laini kama sponji, hapo upepo upo. Huingia pale mpira wa mafuta ulipofunguliwa, au kikopo cha mafuta ya breki kilipoachwa kikauke. Chomeka kimpira chembamba kwenye skrubu ya kutolea upepo pale kwenye kalipa, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta safi ya breki. Mwenzako aminye mkono na kuushikilia; wewe legeza skrubu, kisha kaza, ndipo naye aachie. Akiachia kabla hujakaza, upepo unavutwa tena ndani. Rudieni mpaka mapovu yaishe, huku ukiongeza mafuta kikoponi.

Na kama mkono unakuwa mgumu halafu unazama polepole ukiendelea kuushikilia, tafuta panapovuja. Usipoona mvujo popote, shuku raba za masta silinda, ile pampu ya mafuta iliyo kwenye mkono wa breki. Pikipiki hiyo isibebe abiria mpaka itengenezwe.

Pedi zangu mpya zinapiga kelele na hazishiki vizuri. Nirudi dukani? (Pongwe)

Subiri kwanza. Pedi mpya haijalingana na uso wa diski. Tafuta barabara tulivu, kimbia kilomita 40 kwa saa, punguza kwa breki mpaka kama 10 bila kusimama kabisa, kisha achia. Rudia mara kumi hivi, ukiipa diski muda wa kupoa kati ya mara moja na nyingine.

Isipobadilika, jiulize: ulizishika pedi kwa mikono yenye girisi? Ulipulizia mnyororo dawa, ikarukia diski? Diski ifute kwa spiriti na kitambaa safi. Pedi iliyokunywa mafuta itupe. Wapo watakaokwambia uichome moto au uisugue kwa msasa, nami sikubaliani nao: mafuta yamezama ndani, na pedi ikipata joto yanatoka tena. Tazama pia maandishi ya MIN TH kwenye diski. Namba iliyo mbele yake ni unene wa mwisho kwa milimita. Diski ikiwa nyembamba kuliko hapo, ibadilishe.

Nabeba samaki kutoka soko la Deep Sea. Tangu nibadili pedi, tairi la mbele ni zito na diski inachoma.

Maji ya chumvi yanayodondoka kwenye tenga yanaila kalipa yako. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikishika kutu, pedi haiachii diski. Vilevile, pistoni ikirudishwa ndani na uchafu wake, inakwama. Fungua, safisha pistoni kabla ya kuisukuma, na pini zipake girisi ya silikoni. Girisi ya kawaida huvimbisha raba.

Kagua na kikopo. Kama mafuta yaliongezwa wakati pedi zimeisha, pistoni ziliporudi kilijaa pomoni. Mafuta yakipata joto hutanuka, na yakikosa pa kwenda yanabana breki yenyewe. Yapunguze mpaka alama ya juu, bila kuyamwagia tangi, kwa sababu yanababua rangi. Na kila jioni suuza kalipa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 naweza kuchanganya?

Zinachanganyika, ila fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. DOT 5 ya silikoni usiichanganye nazo. Oili ya injini usiitie kabisa.

Breki yangu ya nyuma ni ya dramu, si ya diski, nimeweka breki shuu (pedi za dramu) mpya Ijumaa. Jumamosi nina abiria wa Lushoto. Kuna neno? (Muheza)

Lipo. Rekebisha nati ya breki ya nyuma mpaka pedali icheze kama milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, na tairi lizunguke huru ukilinyanyua. Hakikisha taa ya breki inawaka na kuzima. Lakini breki shuu ambazo hazijalingana na dramu hazifai kwa mteremko wa Lushoto kwenda Mombo ukiwa na mtu nyuma. Mpe mwenzako safari hiyo, wewe zunguka Muheza siku mbili tatu kwanza.

Siku utakayokwenda, shuka kwa gia ndogo, injini ikushikie, na tumia breki zote mbili kwa vipindi badala ya kukanyaga moja mfululizo. Pedali ikianza kuzama katikati ya kona, simama pembeni uache dramu ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, na usiguse ile nati mpaka ipoe: ukiikaza dramu ikiwa ya moto, ikipoa itabana.