Mbona hajapandikizwa moyo mpaka leo? Jibu kwa ndugu walioko nyumbani

Swali linalotufikia kila mara, sisi tunaofanya kazi kwenye wodi za moyo huku Marekani, ni hili: mgonjwa wetu ana mwezi wa tatu hospitalini, kwenye video anaongea, anacheka, anakula. Kama ni mzima hivyo, si aruhusiwe akangojee moyo kwake? Na kama ni mgonjwa, si wampasue yaishe?

Wazee, shikamoo. Anaonekana mzima kwa sababu ile dripu iliyo pembeni yake haizimwi. Ni dobutamini au milrinoni, dawa za kuupa moyo nguvu ya kusukuma damu. Zinaingia kwa pampu saa 24, kupitia mrija uliopitishwa mshipani mkononi hadi karibu na moyo. Zikikatika, presha inashuka, mkojo unapungua, na huyo aliyekuwa anacheka hamalizi sentensi bila kuhema.

Halafu kuna foleni. Tangu Oktoba 2018, watu wazima wanaosubiri moyo nchini hapa hupangwa katika madaraja 6 kwa uzito wa hali zao. Daraja la 1 wamo waliofungiwa mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. La 2 wamo wenye puto mshipani. La 3 wamo wa dripu ya dozi kubwa ambao presha ya ndani ya moyo inapimwa muda wote. Anayekaa nyumbani na dripu yake kwa kawaida yuko la 4. Kwa hiyo akitoka hospitali, anashuka. Hata nafasi ya puto si ya kudumu: ni ya siku 14, kisha madaktari waandike upya kueleza kwa nini bado analihitaji.

Hilo puto ni jembamba na refu, linakaa ndani ya mshipa mkuu wa damu, linajaa gesi ya heliamu na kunywea kwa kila pigo la moyo. Likipitishiwa kinenani, mguu huo haukunjwi, kichwa cha kitanda hakiinuliwi kupita nyuzi 30, na haja zote ni kitandani. Nesi hupapasa mapigo ya mguu mara kwa mara, usiku na mchana. Wayo ukipoa au ukifa ganzi, daktari anaitwa hapo hapo, maana huenda mrija umezuia damu. Hospitali nyingine hulipitisha karibu na kwapa, na hapo mgonjwa anaweza kutembea, nesi akisukuma mashine nyuma yake. Mkimwona anazunguka koridoni, hapungi upepo. Misuli ya mapaja ikiyeyuka kitandani, kupona baada ya upasuaji kunakuwa kazi kubwa.

Siku yake inaanza kama saa 10 alfajiri kwa kutolewa damu. Hupimwa madini ya damu: potasiamu inatakiwa isipungue 4 (mEq/L) na magnesi isipungue 2 (mg/dL), kwa kuwa zikishuka, moyo dhaifu huanza kupiga ovyo. Kisha mizani: kabla ya chai, baada ya kukojoa, mizani ile ile kila siku. Akiongeza pauni 3 kwa usiku mmoja, yaani kilo moja na kitu, hajanenepa. Ni maji, na dawa ya kukojoza itaongezwa. Vinywaji vyote, pamoja na supu, uji na barafu, hupimwa visizidi lita moja na nusu hadi 2. Sodiamu ni gramu 2 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa milo yote. Kyubu moja ya supu inaweza kumaliza nusu yake. Shangazi anayemletea pilau ana nia njema, lakini kesho yake sisi tunaiona kwenye mizani.

Homa ndiyo tunayoiogopa zaidi. Mrija ukiingiza vijidudu kwenye damu, jina lake linasimamishwa kwenye orodha hadi apone. Ndiyo maana anafutwa mwili kwa dawa kila siku, na mwenye mafua haingii chumbani. Na msiwafiche madaktari kwamba aliwahi kuugua TB. Dawa atakazopewa baadaye hushusha kinga, na ugonjwa uliolala unaamka.

Moyo wenyewe lazima ulingane na kundi lake la damu na ukubwa wa mwili wake. Wa kundi O, ambao kwetu ndio wengi, husubiri zaidi, kwa kuwa wao hupokea moyo wa O tu, ilhali moyo wa O unaweza kwenda kwa wengine pia. Mama aliyezaa watoto kadhaa, au mtu aliyeongezewa damu mara nyingi, huwa na kingamwili zinazokataa mioyo mingi.

Usiku ataambiwa kuna moyo. Hali tena chochote, anaoshwa, anatia saini. Tafadhali msitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo! Daktari aliyeenda kuuchukua anaweza kuushika, akakuta mishipa imeziba, akaukataa. Tena toka utolewe hadi uanze kupiga kwa mwingine, ukisafirishwa kwenye barafu, ni kama saa 4 tu. Ukikataliwa, mgonjwa huletewa chakula, foleni inaendelea.

Akiupata, mwezi wa kwanza anarudi hospitali karibu kila wiki, kinyofolewe kipande kidogo cha moyo kupitia mshipa wa shingo, kuona kama mwili unaukataa. Dawa za kushusha kinga ni za maisha, na akishazianza hachanjwi tena homa ya manjano, kwa kuwa chanjo hiyo ina virusi hai. Kama kuna harusi huko nyumbani Desemba, msimhesabie.