Ioniq 5 N na Model Y Performance, ipi inachomoka zaidi?

Kaka, kati ya hizo gari mbili za umeme ulizouliza, Ioniq 5 N ya Hyundai na Model Y Performance ya Tesla, Ioniq 5 N ndo inachomoka zaidi. Kwa namba za viwandani, kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa Hyundai inatumia sekunde 3.4 na Model Y Performance ya 2022 ni 3.7, ila hiyo 3.4 unaipata ukibonyeza kitufe cha busti kwenye usukani, kinakupa nguvu za farasi 650 kwa sekunde 10 tu halafu zinarudi 609, na hapo Hyundai ndo nzito zaidi ujue, inapita tani 2. Zote zina mota mbili, mbele na nyuma, ukikanyaga nguvu inakuja hapohapo.

Sasa kwa sisi wa Mtwara mi naona cha kuangalia zaidi ni kutoka 60 kwenda 100, kule Mingoyo kwenda Masasi unapoovateki lori la korosho, na hapo zote mbili zinakutoa salama kabisa. Ila betri ikishuka sana nguvu nayo inapungua, kwa hiyo usisubiri ifike asilimia 10 ndo uanze kuovateki, tafadhali sana.