Maswali ya Wasomaji: Rafiki Anayeuawa Ukurasa wa Pili

SWALI: Mhariri, salaam aleikum. Ninasimamia chama cha uandishi katika shule moja ya huku Kisauni, na wanafunzi wangu, wa miaka 11 hadi 14, wamezama katika hadithi za dunia iliyoangamia. Kila daftari ni mtindo mmoja: mji umeteketea, shujaa ana bunduki, na rafiki yake anauawa ukurasa wa pili ili shujaa apate sababu ya kulipiza kisasi. Je, niwakataze? Na hadithi hizi hazitawatia hofu?
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Usiwakataze. Kasoro uliyoieleza haitokani na aina ya hadithi, bali na rafiki kuletwa ili afe tu, ilhali ni masimulizi machache yanayomhitaji rafiki kama haya. Maangamizi yakishaondoa polisi, mahakama na wazazi, kinachobaki cha kumfunga mtu ni ahadi aliyompa mwenziwe, na ushujaa hupimwa kwa kuitimiza ahadi hiyo pale ambapo hakuna atakayemuuliza akiivunja.

Wasomee The City of Ember, riwaya ya Jeanne DuPrau iliyotoka mwaka 2003. Mji uko chini ya ardhi, jenereta imechakaa, taa zinazimika na akiba ghalani inakwisha. Siku ya kugawiwa kazi, Lina anaangukia kazi ya mabomba na Doon ya utarishi, nao wanabadilishana kwa sababu kila mmoja anaitamani ya mwenziwe. Urafiki wao unashika kasi baadaye, Lina anapopata karatasi ya maelekezo iliyotafunwa na mdogo wake, asiweze kuielewa bila Doon, ambaye kazi yake imemfikisha kwenye mto unaopita chini ya mji.

Kisha waambie waandike kuhusu Mombasa. Sehemu ya maji yetu hutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200, na visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Bomba na likatike. Mpe shujaa mtungi mmoja wa lita 20, na mpe sahibu yake siri ya kisima chenye maji matamu. Watu wanne wakinywa lita mbili kila mmoja kwa siku, mtungi hauimalizi siku ya tatu. Na hapo abishe hodi mtoto wa tano. Shujaa akikataa kumfungulia na sahibu yake akashika komeo, wanafunzi wako watakuwa na ugomvi unaoshinda mapigano yoyote ya bunduki. (Bunduki yenyewe, katika dunia isiyo na viwanda, itakwisha risasi upesi.)

Kuhusu hofu, sioni tatizo kubwa, maadamu shujaa haachwi peke yake. Ila mwanafunzi aliyefiwa karibuni asilazimishwe kuandika.

Wala sisemi rafiki asife kamwe. Afe, mwandishi akiona lazima, lakini kwanza awe amekosea njia, amechekesha, na amenuniana na shujaa kwa sababu ya kikombe kimoja cha maji. Na hayo yote, Mwalimu, hayaenei katika kurasa mbili.