Sauti Imepotelea Wapi? Mafundi Wanajibu Wasomaji

Mafundi, habari za kazi. Marehemu baba aliniachia kanda 14 za michezo ya redio alizorekodi kutoka RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), masafa ya kati. Nyingine zina vipindi vya mwanzo vya Twende na Wakati, vya mwaka 1993. Nimenunua redio kaseti ya mtumba, lakini sauti imefifia, "s" na "sh" hazisikiki, na kanda moja inapiga mluzi ikizunguka. Nataka kuzihamishia kwenye kompyuta bila kuziharibu. — Mpenzi wa michezo ya redio, Tanga

Kwanza acha kuzicheza, dada au kaka. Mashine chafu hukwaruza utepe, na utepe ukimwaga unga wake wa sumaku, kilichorekodiwa kimeondoka nao.

Geuza kila kanda uitazame mgongoni, upande ulio mkabala na ule wa utepe. Kuna vijino viwili vya plastiki. Vivunje. Bila vijino hivyo mashine haikubali kurekodi, kwa hiyo mtoto akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya hafuti kitu. Kisha chungulia kwenye kidirisha: ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Kanda hiyo iweke mbali na wenzake mpaka fundi aisafishe, maana kuvu itahamia kwenye hedi, kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe, na kutoka hapo kwenye kanda zote.

Hedi isafishe kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya buluu ya kuwashia jiko usiiguse, rangi yake hubaki kwenye chuma. Sugua hedi, sugua kijiti cha chuma kinachovuta utepe, kisha raba inayoubana utepe kwenye kijiti hicho. Raba ikiwa inang'aa na ngumu, ibadilishe; ndiyo inayotafuna kanda za watu. Subiri dakika tano pakauke.

Sasa "s" zako. Mara nyingi hedi ya mashine yako haikusimama wima sawasawa na ile iliyorekodi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili. Iliyobana kabisa iache. Yenye springi chini yake ndiyo ya kurekebisha mwelekeo, na mashine nyingi zina kitundu cha kuifikia kanda ikiwa inacheza. Vaa spika za masikioni, tia bisibisi ndogo isiyo na sumaku, zungusha taratibu, robo ya mzunguko haizidi, huku ukisikiliza mtu anayeongea. Patafika mahali "s" zinafunguka ghafla. Hapo ndipo. Kanda iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine itataka kurekebishwa upya, kwa hiyo zipange kwa makundi kabla hujaanza.

Inayopiga mluzi huwa imekaza ndani ya ganda lake. Ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote mara moja, tabaka zilegee. Ikiendelea, tafuta kanda tupu yenye ganda la skrubu tano, ifungue, uhamishie utepe humo. Angalia pia kile kipande kidogo cha sufi nyuma ya utepe: kikidondoka, utepe haugusi hedi vizuri na sauti inapanda na kushuka. Kanda za dakika 120 ndizo za kuogopwa zaidi, utepe wake ni mwembamba kupita wa dakika 60 na hujinyonga upesi. Hizo usizikimbize mbele na nyuma hovyo.

Kwenye kompyuta, waya utoke tundu la spika za masikioni la redio uingie tundu la "line in", ambalo kwenye kompyuta za mezani huwa la buluu. Laptop nyingi zina tundu moja tu, na hilo linapokea maikrofoni. Ukichomeka hapo utapata sauti iliyopasuka na ya upande mmoja. Nunua kile kifaa kidogo cha USB cha kuingizia sauti. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka 44,100 Hz, biti 16, stirio, na vilele vya sauti visipite −6 dB. Ikipanda kupita sifuri inakatika, na kilichokatika hakirudishwi na programu yoyote. Hesabu MB 10 kwa kila dakika, yaani kanda ya dakika 60 inakula kama MB 600. Mchezo wa redio hauna stirio, lakini rekodi stirio hivyo hivyo: hedi iliyolika upande mmoja hutoa chaneli moja nzuri na moja mbovu, nawe utabaki na ile nzuri.

Kwa kuwa baba alirekodi masafa ya kati, juu ya 5,000 Hz hakuna sauti ya mwigizaji hata mmoja, kuna mvumo wa kanda tu. Kata hapo kwa kichujio na mvumo mwingi utaondoka bila kugusa maneno. Dawa ya kuondoa kelele iliyomo kwenye programu itumie kidogo sana, na kwenye nakala, si kwenye faili la kwanza. Wengi huibana mpaka waigizaji wanasikika wakiongea chini ya maji.

Ukihisi waigizaji wanaongea haraka au polepole kuliko kawaida, kuna kipimo tunachokipenda. Kama mzee alirekodi redio ikiwa kwenye umeme, kanda ina mngurumo wa chini wa Hz 50, ule wa gridi yetu. Tazama mchoro wa masafa kwenye Audacity. Ukisoma 52, mashine yako inakimbia kwa asilimia 4. Punguza mwendo wa faili kwa kiasi hicho hicho. Kama alitumia betri, kipimo hiki hakipo, rudi kwenye masikio.

Nikipakua nyimbo za zamani za dansi, wimbo unakatika pale tu unapoanza kunoga. Sehemu ya pili naikuta kama wimbo mwingine, na simu ikichanganya orodha basi tena. Nani alifanya hivi? — Mwana dansi, Mombasa

Santuri ilifanya. Ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ina nafasi ya kama dakika nne au tano kwa upande, na bendi za Nairobi za miaka ya 1970 na 1980, kama Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Mazembe, zilikuwa na nyimbo ndefu kuliko hapo. Mashairi yakapewa upande A, magitaa ya kucheza yakapewa upande B. Anayenakili leo anachukua kila upande kama faili lake, na huyo hatumlaumu sana. Tunaomlaumu ni anayeuza upande A peke yake akauita wimbo kamili.

Kuunganisha, pata pande zote mbili kutoka chanzo kimoja, maana nakala mbili za watu wawili hazina mwendo mmoja na gitaa litapanda nusu noti katikati ya wimbo. Mara nyingi upande A hufifishwa na upande B huanza kwa kurudia mapigo machache yale yale. Tafuta pigo la ngoma linalosikika pande zote mbili, liweke juu ya jingine, sawazisha ukubwa wa sauti, kisha pishanisha kwa sekunde moja au mbili. Mkifanya kwa MP3 mbili mtaacha kijinafasi cha kimya, kwa sababu ufinyazaji wa MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Unganisha zikiwa WAV, yaani faili zisizofinywa, MP3 iwe hatua ya mwisho.

Nina flati ya inchi 43 na sabufa. Filamu ikianza, muziki unatingisha nyumba, watu wakiongea hatusikii. Nikipandisha, jirani anagonga ukuta. — Mama wa nyumba, Mbezi

Kuna sababu tatu, na ya kwanza ndiyo ya kuchunguza kwa sababu haigharimu kitu. Cheza wimbo wowote unaoujua. Kama ala zinasikika na mwimbaji ametoweka au yuko mbali sana, ugonjwa uko kwenye waya. Jeki haijaingia yote, au waya wake wa ardhi umekatika. Ardhi ikikatika, spika zinapata tofauti kati ya kulia na kushoto tu; mwimbaji na maongezi ya filamu huwekwa katikati, sawa pande zote, kwa hiyo yanafutana. Waya mpya unamaliza kesi.

Kama mwimbaji yupo, basi filamu inatoka na chaneli sita na maongezi yamo kwenye ile ya katikati, ambayo sabufa yako haina. Nenda kwenye mipangilio ya sauti ya TV, toleo la dijitali liweke PCM, ili TV yenyewe ichanganye chaneli zote ziwe mbili. Ukicheza kwa programu ya VLC kutoka kwenye flashi, chagua stirio kwenye menyu ya sauti.

Sababu ya tatu ni filamu yenyewe. Imechanganywa kwa ajili ya ukumbi, mlipuko ukiwa mkubwa mara nyingi kuliko mnong'ono. Tafuta hali ya usiku kwenye rimoti, na besi ya sabufa ishushe mpaka karibu na mwisho. Besi ndiyo inayopita ukutani kwa jirani, na maneno hayamo humo.

Maandishi ya chini ya filamu yangu yanaanza sawa, lakini kufika katikati yamechelewa dakika nzima na zaidi. Nimebonyeza H na G kwenye VLC mpaka vidole vinauma. — Mtazamaji, Morogoro

G na H zinasogeza maandishi yote kwa kiasi kimoja, na tatizo lako linakua kadiri filamu inavyokwenda. Filamu yako imeharakishwa kuwa picha 25 kwa sekunde, maandishi yalipangwa kwa picha 23.976. Ndiyo maana dakika ya kumi maandishi yamechelewa kama sekunde 25, na ikikaribia saa moja yamechelewa karibu dakika mbili na nusu. Fungua faili la maandishi kwenye programu ya Subtitle Edit, chagua kubadili kasi ya picha, kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi. Baada ya hapo yakibaki nyuma kidogo kwa kiasi kile kile mwanzo mpaka mwisho, sasa G itakusaidia.

Naweza kumtoa anayetafsiri movie nikabaki na sauti ya asili? — Bila jina, Kahama

Hapana. Tangu enzi za Lufufu wa Dar mpaka DJ Afro wa Nairobi, msimuliaji hurekodiwa juu ya sauti ya filamu iliyoshushwa, vikawa kitu kimoja. Programu mpya za kutenganisha sauti za watu na muziki zitamtoa yeye pamoja na waigizaji wote. Tafuta filamu ya asili.

Nimerekodi kaswida kwa ubora mkubwa, nikiwatumia ndugu WhatsApp inafika imekwaruzika. — Mwalimu wa madrasa, Lamu

Usiirekodi upya kama ujumbe wa sauti, Mwalimu. Ule umefinywa kwa ajili ya maongezi. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Hati, kisha faili lako. Litafika kama lilivyo. Video nayo ni hivyo hivyo, ila bando litaliwa zaidi.